Jando la Pili

Editha,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali ya mpokeaji. Hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa: uko chumba cha pili unasukwa nywele, unalalamika "taratibu jamani, kichwa kimoja hiki," na msusi anakujibu kwamba mvumilivu hula mbivu. Kwa hiyo salamu nimeziruka. Asubuhi uliniamkia nikakuitikia marahaba, hiyo itutoshe kwa leo.

Utashangaa kuandikiwa na mtu aliyetenganishwa nawe na ukuta mmoja wa tofali. Na mimi nashangaa. Nimeanza mara mbili kuja kukuita, nikaishia kukuuliza kama begi lako lina kufuli. Lina kufuli, umeshaniambia.

Mambo ya chumvi na ya kuishi na wakwe sitayagusa. Tangu Jumamosi mlipofunga ndoa, akina mama wa jumuiya wamekufunda mpaka nikaanza kumwonea huruma Gaspari. Kesho mnapanda treni kwenda Uchindile, na kila mtu kwenye nyumba hii ameshakuambia kwamba huko kuna baridi. Limebaki jambo moja tu ambalo halijasemwa, na mtu wa kulisema hayupo.

Kwetu, baba hamwelezi binti yake habari za mwili wake. Humwita dada yake, shangazi wa binti, wakajifungia chumbani, baba akabaki nje anajifanya anatengeneza jembe. Mimi dada nilikuwa naye mmoja, Skolastika, tuliyemwita Skola. Alikufa kule Mofu alikoolewa, kabla hujaanza kutembea, na umekua ukijua kwamba aliliwa na mamba. Ndiyo maana hujawahi kuingiza mguu mtoni, hata kaka zako wakikucheka. Nilimwomba mama yako akae nawe badala ya shangazi, akueleze yote. Alinitazama akasema, "Dada alikuwa wako. Mwandikie wewe."

Nianze na neno ambalo umelisikia tangu utoto wako. Katika ukoo wetu husemwa kwamba mwanaume huenda jandoni mara mbili. Mara ya kwanza hupelekwa na wajomba, akarudi amepona na zawadi mkononi. Mara ya pili hupelekwa na kichwa chake mwenyewe, akiwa na miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na mitano, na hapo si wote wanaorudi. Aliyelianzisha neno hilo ni babu yako, baada ya mdogo wake kuvua nguo siku ya gulio na kuwahutubia watu mpaka jua likawa la utosi. Babu yako hakuwa mtu wa utani. Maishani mwake alitania mara moja tu, na sisi tukaurithi utani huo pamoja na ugonjwa.

Jando hilo likamfikia baba yako mdogo Fide. Wewe unamjua Fide huyu wa sasa, anayepanda mpunga kwa mstari ulionyooka kuliko wa bwana shamba, anayekwenda hospitali kila mwezi kuchomwa sindano na kurudi na pipi za watoto. Fide wa miaka ishirini hukumwona. Alisikia redio ikimtaja jina. Alikataa kula chakula kilichopikwa na mama yetu mzazi. Siku moja aliitupa redio kisimani, na ukoo mzima ukakosa maji ya kunywa wiki mbili, na hakuna aliyemgombeza. Tulisema, "Si yeye, ni jando." Tulimpeleka kwa mganga, kwa mganga mwingine ng'ambo ya mto, kwa padri, na mwisho hospitali, ambako tulilala sakafuni kwa zamu. Fide tulimsamehe kabla hajaomba msamaha.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu wakati huo, bado nimo kwenye foleni. Usinicheke. Redio ikikoroma tu nilitoka nje kuwauliza watu kama na wao wamesikia. Siku niliyotimiza miaka ishirini na sita nilinunua kreti zima la soda nikawanywesha majirani, wakadhani nimepata kazi serikalini. Nilijiona nimepita. Na kwa kuwa nilikuwa nimepita, nikajiona najua kila kitu kuhusu ugonjwa wa kwetu: unakuja kwa wanaume, unakuja ujanani, unakuja na kelele.

Skola alikuwa kitinda mimba wetu, na kelele zake zilikuwa za namna nyingine. Watoto wote wa hapa Michenga tumeamia ndege wakati mpunga unakomaa, lakini Skola hakuwa na mfano. Akipanda dunguni, kile kichanja chetu cha kulindia mpunga, akatoa ukelele mmoja tu, kwelea kwelea wa shamba letu na wa shamba la jirani waliruka pamoja. Jirani alikuwa akimwona mama anasema, "Mama Skola, kesho naye mtoto aje, nisihangaike kupeleka wangu." Alicheka ovyo, aliimba akipika, alijibizana na mimi kana kwamba mkubwa ni yeye. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Wewe mdomo huo utakurudisha nyumbani siku ya pili ya ndoa."

Akaolewa Mofu. Akamzaa binamu yako Sabina. Nilipokwenda kumwona baada ya arobaini, nilimkuta amekaa pembeni ya mlango, mtoto mapajani, kimya. Alinisalimia vizuri, akanipa maji, akarudi kukaa palepale. Mama mkwe wake alifurahi sana kuniona. Akanitolea mkeka, akaniambia kwa sauti ya kunipongeza, "Binti yenu ametulia siku hizi. Ndoa imemtuliza." Nami nikafurahi, nikapeleka habari hizo Michenga kama mtu aliyebeba kitoweo. Mama akamshukuru Mungu. Ukoo mzima tulishangilia kwamba Skola amenyamaza.

Mwanangu, hapo ndipo kosa lilipoanzia, na kila nikilitazama naliona ni la kwetu hasa, la watu wanaompima binti kwa utulivu wake. Kama Fide angenyamaza ghafla namna ile, tungeita kikao. Skola aliponyamaza tulisema amepata adabu.

Alikuja Michenga mwenyewe, msimu wa mavuno, Sabina mgongoni akiwa na miezi mitano. Hakuwa ametumwa, wala hakuwa amegombana na mumewe. Nilimuuliza umekuja kufanya nini, akasema, "Kaka, nimechoka." Nikamjibu, "Nani hajachoka msimu huu?" Watu waliokuwapo wakacheka, na mimi nikapendezwa na jibu langu.

Siku tatu alikaa kwetu. Alilala mchana, na usiku mama yako alimsikia akitembea uani. Chakula alikuwa anakizungusha tu sahanini. Wewe ulikuwa mchanga wa miezi saba, mama yako alikuwa na kazi zake nawe, lakini hata hivyo aliniambia, "Baba Editha, huyu wifi hayuko sawa." Nikamwambia amezoea kudekezwa. Ndivyo nilivyosema: amezoea kudekezwa, huyu ni wa mwisho.

Siku ya nne tulikuwa tumeanika mpunga kwenye maturubai nje, karibu mavuno yote ya shamba la chini. Nikamwambia Skola aulinde, afukuze kuku, na wingu likijikusanya aite watu. Nikaenda kutengeneza trekta dogo la mtu, upande wa pili wa barabara. Mvua ikaja, zile mvua za mwisho zisizo na hodi. Nilikimbia nikafika nimelowa, nikamkuta amekaa kwenye kigoda palepale nilipomwacha. Mtoto alikuwa amefunikwa khanga vizuri kabisa. Yeye mwenyewe maji yanamtiririka usoni, anautazama mpunga unavyolowa, hajainua hata mkono. Hakuwa amelala. Aliniona nikija, akaniangalia hivihivi, kama mtu anayesubiri kuona nitafanya nini.

Nilimpigia kelele mbele ya majirani. Nilimwita mvivu. Nilimwita mkosi, neno ambalo mpaka leo mtu akilitamka karibu yangu naondoka. Nilimwambia kazi ya kukunja turubai hata mtoto wa darasa la pili haimshindi. Alisema, kwa sauti ya chini sana, "Niliona, kaka. Mwili ulikataa."

Sikumwelewa. Nilisikia maneno nikadhani ni jeuri. Asubuhi yake nilimpakia kwenye baiskeli na mtoto mgongoni, nikamrudisha Mofu kwa mumewe. Njia ni ndefu, tulifika alasiri, na njiani alizungumza mara moja tu. Tulisimama kununua ndizi, akala nusu, akasema, "Kaka, sisikii ladha ya kitu chochote." Nikamwambia ndizi za barabarani ndivyo zilivyo. Tulipofika nilimwomba radhi mumewe. Nilisema, "Shemeji, samahani, amekuwa mvivu kidogo. Uwe naye mkali." Yule bwana, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alinitazama kwa mshangao. Nadhani alikuwa anatumaini kwamba mimi ndiye nitakayemwambia mke wake ana nini.

Wiki tatu baadaye Skola alimnyonyesha Sabina, akampeleka kwa jirani, akasema anakwenda mtoni. Hakurudi.

Tukasema mamba. Mto ule una mamba, na hakuna aliyebisha. Alizikwa bila mwili lakini kwa ibada yote, hakuna aliyenong'ona, na kila mmoja wetu akapata mahali pa kuweka lawama. Vijana wakapanga kwenda kumsaka mamba huyo. Nilikwenda nao. Nilishika mkuki, Editha, nikapita ukingoni siku mbili nikimtafuta mnyama ambaye moyoni nilijua hana kosa. Nilijua kwa sababu yule jirani alikuwa ameniita pembeni baada ya mazishi. Aliniambia Skola alipomkabidhi mtoto alisimama kidogo mlangoni, akamuuliza kama amesikia habari zozote za Michenga, kama mpunga wa kaka yake ulikauka.

Ulikauka. Siku mbili za jua zilitosha.

Nimeacha kuandika nikaenda kunywa maji. Mama yako kanipita uani. Bado unasukwa.

Miaka ikapita na sikumwambia mtu. Niliendelea kuamini jando la pili, tena kwa nguvu zaidi. Kaka zako Beda na Kristofa waliponuka jasho la ujana, nilianza ulinzi. Nilikuwa nikisimama mlangoni kwao kusikiliza kama wanaongea wenyewe. Beda akikasirika kidogo tu, moyo wangu unakwenda mbio. Nilimkataza Kristofa pombe, bangi, kukesha, mpaka kwaya nilimkataza kwa sababu walikuwa wanafanya mazoezi mpaka saa nne usiku. Wao walidhani nawachukia. Wewe ulinitetea, ulisema, "Baba anawaogopea." Kwako wewe sikusimama mlangoni hata siku moja. Sikuwa na haja. Wewe ulikuwa msichana.

Miaka miwili iliyopita nilimsindikiza Fide kwenye sindano yake. Kulikuwa na daktari mpya, kijana mdogo, mpole, anaandika polepole. Akataka kujua habari za ukoo. Nikamweleza yote kwa kujiamini, babu mdogo, Fide, mpaka na neno letu la jando, akatabasamu kidogo. Kisha akauliza, "Na akina mama wa ukoo, mzee?"

"Wazima, daktari. Kwetu ni wanaume tu."

"Wote wazima?"

"Mmoja alifariki. Mamba."

Akaandika. Kisha akainua kichwa. "Pole sana. Kabla ya mamba, alikuwaje?"

Miaka ile yote hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Nilifungua mdomo ili nimwambie alikuwa mzima, badala yake nikamweleza habari za mpunga. Nikamweleza usingizi, chakula, ndizi isiyo na ladha, mwili uliokataa. Fide alikuwa amekaa pembeni yangu na pamba mkononi palipochomwa sindano. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mzee," alisema, "huyo naye alikuwa mgonjwa. Ile huitwa sonona, na huweza kumpata mama baada ya kujifungua. Inatibika."

Inatibika. Natamani angeniambia haitibiki.

Nilimuuliza kwa nini basi kwa Fide ilikuja na kelele na kwa Skola ikaja na kimya, kama ni damu moja. Alinieleza kwa subira, nami nakuandikia kama nilivyoelewa. Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe, ni uwezekano wake, na uwezekano huo uko kwenye vinasaba vingi vidogovidogo, si kimoja. Wanaume na wanawake hurithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Sehemu ya urithi huo ni ileile kwa wote, na sehemu nyingine hufanya kazi tofauti katika mwili wa mwanamke na wa mwanaume. Magonjwa ya kusikia sauti mara nyingi huwawahi wanaume ujanani. Sonona huwapata wanawake zaidi, na inaelekea kwao urithi una mkono mkubwa zaidi. Tena mwanamke ana vipindi vyake, kama uzazi, ambamo kilicholala huweza kuamka. Akasema watafiti bado wanatafuta, yapo mengi hawayajui, na si kila kitu ni damu: mzigo anaobebeshwa mtu nao unahesabika. Mimi ni mkulima, nikamwambia kwamba mbegu moja ya mpunga ukiipanda mlimani na ukaipanda bondeni haitoki sawa. Akasema mfano huo si mbaya, ila nisisahau kwamba mbegu nyingine hazioti kabisa, na watoto wangu wanaweza wote kuishi wazima mpaka uzee. Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshika kofia, nikagundua nimeikunja mpaka imeharibika.

Tukiwa njiani kurudi Fide aliniuliza, "Kwa hiyo Skola alikuwa na langu?"

"Ndiyo."

Akatembea kidogo. "Mimi mlinibeba," akasema. Hakusema kwa kunilaumu, na ndiyo maana siwezi kulisahau.

Sasa sikiliza uovu wangu wa pili, kwa sababu wa kwanza naweza kujitetea kwamba sikujua. Mshenga wa akina Gaspari alipokuja, aliuliza yanayoulizwa na watu wote wenye akili: je, ukoo huu una maradhi? Habari za Fide alikuwa anazijua, bonde zima linazijua. Nilikuwa nimeshakaa mbele ya yule daktari. Nilikuwa nimeshaelezwa kila kitu. Nikamwambia mshenga, "Upo ugonjwa, hatufichi. Lakini kwetu ni wa wanaume tu, tunauita jando la pili." Mzee wa watu akapumua, akacheka. "Basi hakuna neno, sisi tumekuja kwa binti." Mama yako alikuwa anapitisha chai. Alimimina kikombe kimoja mpaka chai ikamwagika kwenye sahani, wageni wakadhani ni furaha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeshaumbuliwa mara moja, nikaficha tena. Nilitaka uolewe. Nilitaka siku ya Jumamosi iwe kama ilivyokuwa, wewe na gauni lile, Fide anacheza mbele ya kwaya. Niliogopa kwamba nikisema kweli, Gaspari ataondoka na wewe utabaki bila mume, na baba msema kweli.

Lakini tangu Jumamosi sijalala vizuri. Jana Gaspari alipokuja kuchukua mizigo ya kutangulia, nilimwambia anisindikize mpaka kwenye mfereji. Nikamwambia yote. Skola, mpunga, mto, daktari, mshenga. Nilimwambia, "Nimekudanganya wewe na wazazi wako, na nimesubiri mpaka pete imeingia kidoleni, hilo nalo ni kosa." Nilimwambia ukizaa akuangalie. Akiona umenyamaza asifurahi. Nilikuwa nimejiandaa anitukane.

Hakunitukana. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kiatu. Akasema, "Baba, Editha ameshaniambia."

Nikamuuliza ulimwambia nini, na wewe mwenyewe hukuwa unajua.

"Habari za shangazi alikuwa hazijui. Ameniambia zake. Masika ya mwaka jana, alipokuwa anashinda ndani. Alikuwa ananipigia simu kila siku, baba. Siku nyingine hasemi kitu, analia tu mpaka salio linaisha. Tulikwenda naye hospitali mara nne. Dawa alimeza miezi sita. Sasa hivi yuko vizuri."

Nilikaa chini kwenye tuta la mfereji. Masika ya mwaka jana, Editha. Uliacha kazi ya kufundisha chekechea ukasema unapumzika. Ulikuwa unafua, unapika, hutoki, huongei. Nilikuwa nikiwaambia wageni, wewe ukiwa jikoni unasikia, "Huyu binti yangu ametulia, hana makuu." Ulikuwa unaumwa ndani ya nyumba yangu, mita tatu kutoka ninapolala, na mimi, mtu pekee katika ukoo huu, ukimtoa Fide, aliyekwisha kuelezwa na daktari, nilikuwa nakusifia.

Nikamuuliza Gaspari kwa nini hukuniambia. Hakutaka kujibu. Nikamshikilia. Mwisho akasema, "Alisema utamwita mvivu."

Nimezunguka kurasa zote hizi kwa sababu nililiogopa hili la mwisho, na sasa nimelifikia sijui pa kuliweka. Nilitaka kukuonya, nikakuta umeshapita huko peke yako. Ulijitafutia hospitali mwenyewe, ukameza dawa kwa kujificha, ukatafuta mtu wa kukushika mkono, na baba yako ndiye uliyekuwa unamficha. Sijui ulinisikia wapi nikimwita mtu mvivu kwa sauti ile. Huenda ulinisikia kila siku. Moyo wangu umepasuka, mwanangu, na sikuandikii ili uuzibe.

Nisamehe kama utaweza. Kama huwezi bado, nenda Uchindile bila kunisamehe, wala usione aibu. Ila watoto wako, Mungu akikujalia, usiwafundishe lile neno letu. Waambie ugonjwa huu ni wa kwetu sote, wa wanaume na wa wanawake, na una dawa, na una siku zake za kuondoka. Na Sabina naye lazima aambiwe. Yeye ndiye aliyeachwa kwa jirani, anastahili kujua zaidi ya mamba. Nilijiandaa mara nyingi kwenda Mofu kumwambia, nikarudi njiani. Safari hii nitafika, hata kabla ya barua yako ya kwanza.

Nampa mama yako barua hii sasa hivi akuletee, kabla msusi hajamaliza, ili usiwe na haraka ya kuinuka. Kesho alfajiri nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Ukitaka, njoo. Nitakuuliza ulikuwa unaumia wapi, kisha nitanyamaza mpaka umalize, hata ukichukua asubuhi yote. Treni ikiondoka bila nyinyi, na iondoke.

Baba yako